Kaburi Ng'ambo ya Korongo

Morogoro
14 Februari 1993

"Mchoraji mwaminifu hupaka jani kijani, anga buluu na kivuli cheusi. Mengine yote ni wazimu wa Wazungu."

Mwanangu Geofrey,

Nimeanza na maneno ya Mwalimu Ebenezer wa huko shuleni, kama ulivyoyanukuu kwenye barua yako, ili yasije yakanipotea katikati ya salamu. Marahaba, mwanangu. Mimi ni mzima, ila sina kazi. Chuo kimetupunguza walimu wa sanaa wote kwa mpigo. Mkuu alisema yatabaki masomo yanayozalisha. Nilimuuliza kamati yake imezalisha nini zaidi ya vikao, akasema muda wa maswali umekwisha. Sasa nafundisha tuisheni barazani kwangu. Nisalimie mama yangu, bibi yako Anyesi, umwambie mvua zikikatika nitakuja. Nisalimie na kaka yangu, baba yako William, ambaye hajajibu barua yangu ya Noeli.

Sasa Ebenezer. Muulize ni lini mara ya mwisho aliona jani la kijani Chilungwe mwezi wa Oktoba. Kuhusu kivuli cheusi, kaa mlangoni kwa bibi yako saa nane mchana, uangalie kivuli cha paa la tembe juu ya ule udongo mwekundu. Angalia mpaka macho yaume. Utaona zambarau, utaona buluu, na pembeni rangi ya shaba iliyopata kutu. Anayekiita cheusi hajakiangalia. Ameambiwa tu.

Katika kifurushi utakuta kitabu na rangi za mafuta zilizobaki kabatini chuoni. Picha za kitabu ni za wachoraji wa Ufaransa wa karne iliyopita, wale waliokuja baada ya kizazi kilichokimbizana na mwanga. Vitabu vinawaita posti-impresheni, jina la kuchosha. Wewe angalia mikono yao. Mmoja anajenga mlima kipande kwa kipande kama mwashi. Mwingine anapanga mistari mifupi ya rangi nzito mpaka shamba linachemka. Wakubwa wa kwao waliwaambia yaleyale ya Ebenezer, na hao wakubwa leo nani anawajua?

Usiwaige, tazama kwenu. Na kanuni ninayokupa ni moja: picha si cheti cha polisi. Kilima kikikuzuia, kisogeze.

Shangazi yako,
Anjelina

Chilungwe, kwa S.L.P. Buigiri
2 Mei 1993

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kifurushi kilifika baada ya kukaa sana posta, na karani alikifungua akidhani ni dawa za meno. Pole kwa kazi. Huku mtama ulichipua vizuri halafu mvua ikatuacha mwezi wa tatu, sasa tunawalishia mbuzi mabua. Mbuzi wa doa jeupe amezaa mapacha. Bibi miguu inamvimba, lakini mdomo ni mzima. Baba hajambo.

Nimechora. Nilinunua merikani, nikaikaza kwenye fremu ya kitanda kibovu, nikapaka chokaa iliyochanganywa na utomvu wa mgunga. Mara ya kwanza ilipasuka kama kisigino. Mara ya pili nilipunguza chokaa, ikashika. Nakaa mlangoni kwa bibi, natazama mashariki: kwanza matembe ya kijiji, halafu korongo na mchanga wake, halafu ng'ambo mashamba ya mahameni, kijiji cha zamani, na kilima cha mawe nyuma yake. Nilifanya kivuli ulivyosema. Ni kweli, shangazi. Nilikaa na kivuli kimoja mpaka nikaona aibu kwa miaka yote niliyokiita cheusi.

Bibi alikuja kuangalia, akaniuliza, "Hiki nini?"

"Kilima, bibi."

"Kimepigwa na nani mpaka kikavilia damu hivyo?"

Nikamwambia ndiyo rangi yake ya jioni. Akasogea, akatafuta kwa kidole mpaka akakaribia kupaka kucha. "Na mume wangu umemweka wapi?"

"Babu yuko nyuma ya mguu wa kilima. Ukikaa hapa haonekani."

"Haonekani kwako. Mimi namwona kila siku." Akakaa chini akishika magoti. "Siku yangu ikifika mtanivusha korongo, mnilaze ubavuni mwake. Usisahau wewe, kama shangazi yako alivyosahau njia ya kuja hapa."

Kaniambia nikuandikie hivyohivyo, ndiyo maana nimeandika.

Nakutumia picha ndogo kwa kondakta wa basi. Habari nyingine hakuna, ila kuna watu wenye gari jeupe wanapima ng'ambo ya korongo.

Mwanao,
Geofrey

Morogoro
20 Juni 1993

Mwanangu Geofrey,

Salamu nyingi. Hapa kuna baridi, na wanafunzi wangu wa tuisheni wamepungua kwa kuwa jirani amefungua darasa lenye ubao mkubwa kuliko wangu. Mwambie mama sijasahau njia. Mitihani ikipita nitakuja.

Picha imefika, imechubuka kona moja tu. Geofrey, unajua ulichofanya? Ule mchanga wa korongo umeupaka waridi na kijivu vikiwa ubavu kwa ubavu, bila kuvichanganya, na jicho lenyewe linavikoroga. Hilo sikukufundisha. Anga ya njano ni ya ujasiri. Matembe yako yamelala chini kama yanavyolala kweli, hayajaribu kuwa nyumba za kwenye kalenda.

Ila picha haina moyo. Jicho linaingia, linavuka korongo, linapanda kilima, linatoka na kwenda zake. Hakuna cha kulizuia. Umechora nchi bila watu wake. Mama amekuonyesha kinachokosekana na wewe umemjibu kama mpima ardhi: haonekani! Mlete. Chora nyingine kubwa, uchukue yale mawe ya kaburi la baba uyaweke mbele, upande huu wa korongo, kushoto, kati ya mgunga na tembe la mwisho. Yawe mazito na mekundu kuliko kitu chochote kwenye picha.

Lingine. Barua yako ina mistari mingi juu ya mbuzi na maneno mawili juu ya baba yako. Na hao wenye gari wanapima nini mahameni kwetu? Ile Operesheni ya mwaka 1974 ilituvusha sisi kuja kwenye kijiji cha kupangwa. Haikuvusha makaburi, na mashamba ya kule hatujaacha kuyalima. Kaka yangu ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Lazima anajua. Muulize, unijibu.

Shangazi yako,
Anjelina

Chilungwe
17 Oktoba 1993

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mapacha wa mbuzi wamekufa. Bibi anakusalimu. Hatembei tena ila kwa kushikwa.

Picha kubwa ilikwisha mwezi wa nane. Niliyaleta mawe mbele kama ulivyosema, na ulikuwa sahihi, picha ilipata pumzi. Nilimwita bibi. Alicheka kwanza, halafu akayagusa mawe kwa kidole. Akasema, "Mmemvusha korongo bila kumuuliza." Lakini akataka itundikwe pale anapolala.

Wiki iliyofuata yalikuja matrekta. Ni kampuni ya mizabibu. Wamepewa ardhi yote ya ng'ambo, kuanzia ukingo wa korongo mpaka nyuma ya kilima. Walilima hata ule mtama mchache uliopona, ukiwa bado na masuke. Mawe ya makaburi waliyabeba kwenye tela, wakayatumia kwenye msingi wa stoo. Sasa kuna seng'enge na lango, na pale alipolala babu kuna mashimo ya miche.

Uliniuliza kuhusu baba. Nilikuwa sitaki kuandika. Baba ndiye aliyewaonyesha mipaka. Sasa ni mnyapara wa shamba, amepewa koti la kijani na filimbi. Bibi hajala chakula kutoka mkononi mwake tangu siku ile. Akija, bibi anageukia ukutani.

Wazee wamelalamika, na baraza la ardhi litakaa Desemba. Mwenyekiti wake, Mzee Nikodemo, amesema wazi: penye makaburi ardhi itakatwa na kurudishwa, na ndugu wataruhusiwa kuzika. Bibi aliposikia hivyo aliomba uji, akanywa. Lakini kampuni inasema makaburi hayakuwepo. Mawe hayapo, na hakuna aliyewahi kupiga picha ya kamera kule. Ndipo Mzee Mazengo, yule anayeongoza walalamikaji, alipoiona picha yangu kwa bibi akapiga makofi. "Ushahidi huu hapa! Geofrey amechora kaburi kabla ya trekta!"

Sikumwambia kwamba mawe nimeyasogeza. Wanataka niipeleke. Shangazi, nijibu hili moja tu: nikiulizwa kama kaburi lilikuwa pale nilipolichora, niseme nini?

Mwanao,
Geofrey

Morogoro
9 Novemba 1993

Mwanangu Geofrey,

Pole. Mpe mama pole, mkande miguu kwa maji ya chumvi. Darasa la tuisheni nimelifunga, nitakueleza siku nyingine.

Nimesoma kwenye gazeti meneja wa kampuni akisema, "Eneo lile lilikuwa pori tupu lisilo na mwenyewe." Pori tupu! Mimi nilizaliwa katika pori hilo, na kitovu changu kiko chini ya miche yake. Tumeambiwa huu ni wakati wa soko huria. Sawa, huria. Mbona uhuria wenyewe unaanza kwa kumnyang'anya mwanamke mzee kaburi la mumewe, na soko linafunguliwa na mnyapara mwenye filimbi? Watu hawa huita pori kila wasichotaka kukiona. Na William, ambaye baba alimbeba mgongoni mwaka wa njaa mpaka Kongwa, amegeuka jicho lao. Kwake sina salamu.

Peleka picha. Iinue juu, waione. Ndani yake kuna mahame, kuna korongo, kuna mawe ya baba. Hakuna mtu anayepaka kaburi jekundu namna ile mahali ambapo hapajazikwa mtu. Waambie wazee wasimame nyuma yako. Nimemwandikia Mazengo pia, nimemwambia awatangulie nayo. Usimwogope wakili. Simama wima, sema kwa sauti.

Kama nauli itapatikana nitakuwepo.

Shangazi yako,
Anjelina

Chilungwe
30 Desemba 1993

Shangazi,

Shikamoo. Noeli ilipita. Tulikutazamia siku ya baraza, bibi alikuwa anageuza shingo kila gari likipita.

Uliandika kurasa mbili na hukujibu swali langu. Nilizisoma mara nyingi nikilitafuta jibu.

Baraza lilikaa darasani kwa Mwalimu Ebenezer. Bibi tulimleta kwa baiskeli, mimi nasukuma, Mzee Mazengo amemshika kiuno. Wazee walieleza, wakili wa kampuni akasema hao wote wanataka mashamba, hawawezi kuwa mashahidi huru. Mazengo akaipeleka picha mbele. Wakili ni kijana kama mimi, ana tai. Aliiangalia muda mrefu, nikadhani ameipenda.

"Hiki ndicho kilima cha Chilungwe?"

"Ndiyo."

"Cha zambarau?"

Watu wakacheka. Nikasema ndivyo kilivyo jioni.

"Na hili ni korongo?"

"Ndiyo."

"Na haya mawe?"

"Kaburi la babu yangu."

"Vizuri. Liko upande gani wa korongo?"

Nikaitazama picha. Akasema, "Kijana, picha ni yako. Upande gani?"

"Huku. Upande wa kijiji."

"Asante sana. Mheshimiwa mwenyekiti, shamba la mteja wangu linaanzia ng'ambo. Walalamikaji wenyewe wametuletea ushahidi kwamba kaburi lipo nje ya shamba, na liko salama."

Nikasema nimelisogeza. Akajifanya hajasikia. "Umesogeza kaburi?"

"Kwenye picha."

"Kwa nini?"

"Ili picha iwe na moyo."

Darasa zima lilicheka, shangazi. Mwalimu Ebenezer hakucheka. Alikuwa anaangalia chini. Wewe uliniambia picha si cheti cha polisi, halafu ukanituma nayo kama cheti.

Bibi aliomba asimamishwe. Aliongea Kigogo. Mzee Nikodemo, ambaye ni mtu wa Kondoa, akasema hasikii lugha hiyo, mwenyekiti wa kitongoji, yaani baba, atafsiri. Bibi alimnyooshea baba kidole, akasema, "William, wewe ndiye uliyeshuka kaburini kumpokea baba yako. Waambie miguu yako ilisimama wapi."

Baba akageukia meza, akasema, "Anasema yeye ni mzee, hakumbuki vizuri."

Sisi tuliosikia Kigogo tulipiga kelele, tukaambiwa tunavuruga baraza. Hukumu ilisomwa jioni ile: kaburi liko upande wa kijiji, kampuni haina kosa, shauri limefungwa.

Wewe ulikuwa wapi?

Geofrey

Chilungwe
8 Machi 1994

Shangazi Anjelina,

Shikamoo. Hukujibu barua ya Desemba.

Bibi amefariki. Tulikupelekea simu ya maandishi kutoka Buigiri. Hukufika, na kwa joto hili hatukuweza kungoja.

Siku za mwisho hakuongea sana. Aliuliza kama lango limefunguliwa. Nikamwambia tunaomba. Akasema, "Msichoke kuomba." Alipokata roho tulikwenda langoni, mimi na Mazengo na mchungaji, tukakuta askari. Meneja alikuwa Dar es Salaam. Baba alitoka ndani na koti lake, akavua kofia kwa ajili ya mchungaji, akasema hakuna haja ya kufungua. "Baraza limeshaamua baba yangu yuko upande wa kijiji. Basi mama atalala ubavuni mwake, upande wa kijiji."

Mazengo akamwambia, "William, una akili?" Baba akasema yeye anafuata hukumu.

Wakaileta picha. Shangazi, waliileta picha yangu kutoka ukutani kwa bibi, nikaambiwa niishike juu, nisimame mlangoni pale nilipokuwa nachorea. Baba akawa anaangalia picha, anaangalia nchi, anawaelekeza wenye majembe: kushoto kidogo, karibu na mgunga, rudi nyuma. Walipofika pale nilipoyapaka mawe, akasema hapo. Wakachimba.

Nilishika picha mpaka walipomaliza. Sijui kwa nini sikuiangusha.

Amelazwa peke yake. Ubavuni mwake hakuna mtu.

Rangi nimezifungia kwenye sanduku. Ukitaka nikurudishie, niambie.

Geofrey

Morogoro
25 Machi 1994

Mwanangu Geofrey,

Simu ilikuwa imekaa posta hapa. Mwenye posta anajua nahamahama tangu niliposhindwa pango la nyumba, hakujua anitafute wapi. Barua yako ilinifikia siku moja na simu. Barua ya Desemba niliipata kwa wakati. Sikuijibu kwa sababu ulikuwa na haki na mimi nilitaka kubishana. Kuhusu Desemba, nilikuja mpaka kituo cha mabasi, nikafikiria watu wa nyumbani watakavyonitazama, msomi aliyerudi na mfuko wa plastiki, nikageuka. Rangi usinirudishie.

Ukurasa unaofuata si wako. Jumapili ya Pasaka, ibada ikiisha, usome mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wote. Mwombe Mzee Mazengo asimame karibu nawe.

Kwa William, mwenyekiti wa kitongoji. Kwa Mzee Nikodemo na wajumbe wa baraza la ardhi:

Mnasema picha ndiyo iliyoamua. Haikuamua. Mimi ndimi niliyemwambia Geofrey alilete kaburi mbele, nilitaka picha nzuri, na nikamtuma nayo nikijua. Kwa hilo niitwe popote, nitajibu. Lakini kijana alisimama mbele yenu akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amelisogeza. Mkaacha neno la mtu aliye hai, mkashika rangi. Mliicheka zambarau ya kilima kwamba ni ya uongo, na dakika hiyohiyo mkaamini kila jiwe. Mlichagua cha kuamini, na mlichagua kwa faida ya mwenye lango.

Mzee Nikodemo, mama yangu alikuwa anamshtaki mtu, na mtu huyohuyo ukampa awe mfasiri wake. Hujui Kigogo, lakini ulisikia darasa zima likipiga kelele. Ulidhani wanapigia nini? Nataka baraza likae tena, na mfasiri awe mtu wa Buigiri asiyekula mshahara wa kampuni. Wajumbe, nataka mvuke korongo kwa miguu yenu, jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyelifanya, mchimbe kwenye mguu wa kilima mpaka mkute mifupa ya baba yangu. Mkiikuta, fungueni lango, na mama yangu atolewe pale alipozikwa na picha, avushwe. Ninafika Jumanne baada ya Pasaka, na sitaondoka.

Na wewe William. Mwaka 1973 nilisimama ukingoni, nikakuona ukishuka. Mchungaji alikupa mkono, ukaukataa. Ulimpokea baba kichwani, ukamlaza, ukakaa mle chini muda mrefu hadi mama akakuita kwa jina utoke. Hakuna mwingine aliye hai aliyekanyaga mle. Vua hilo koti. Simama mbele ya hawa wanaokutazama sasa hivi, sema kwa Kiswahili, polepole, mwandishi wa baraza aandike: baba yetu ulimlaza wapi?

Anjelina